Jenerali aliyekubali kuwa mwanafunzi

Neno jenerali ni la kigeni, lakini limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili. Wapo waliolipata baada ya miaka mingi ya vyuo na mitihani ya kijeshi. Katika historia ya Kenya, hata hivyo, yuko mtu aliyeitwa jenerali kwanza, kisha akaenda kusomea uofisa akiwa karibu na umri wa miaka arobaini. Huyo ni Waruhiu Itote, maarufu kwa jina la Jenerali China.

Nimemkumbuka nikiwa hapa Mokowe kwa sababu ya vijana. Kila mara makurutu wanapoandikishwa, wako wanaojipanga uwanjani kwa mara ya pili au ya tatu, na wako wanaotamani ukadeti huku alama zao za Kiingereza zikiwarudisha nyuma. Waalimu wao huwaambia wavumilie. Ushauri huo ni mwema, lakini hautoshi, na maisha ya Itote yanaonyesha kwa nini.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1922 na hakupata elimu ya kutosha. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la KAR, akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akapigana na Wajapani huko Burma. Alipanda hadi cheo cha koplo. Juu ya ngazi hiyo palikuwa na ukuta, kwani katika KAR ya siku zile uofisa ulikuwa wa Wazungu. Waafrika waliamrishwa kwa Kiswahili cha kambini, na mambo ya maofisa yakaendeshwa kwa Kiingereza. Sisi tunaochunguza lugha tunafahamu kwamba mpaka wa namna hiyo hugawa vyeo sawasawa na unavyogawa maneno. Akiwa Calcutta, askari mweusi wa Marekani alimsimulia jinsi watu wa Haiti walivyojikomboa, na habari hiyo ikamkaa moyoni.

Baada ya vita alirudi nyumbani akajaribu biashara ya makaa, kisha akafanya kazi katika reli. Hatimaye aliingia msituni akawaongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya. Huko ujuzi wa Burma ulimfaa, na huko ndiko alikoitwa jenerali.

Januari 1954 alijeruhiwa akakamatwa, na mwezi uliofuata akahukumiwa kunyongwa. Machi hukumu hiyo ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, baada ya yeye kukubali kusaidia katika mazungumzo ya kuwataka wenzake waweke silaha chini. Mazungumzo yale hayakufaulu, na wako waliomlaumu kwayo. Sipendi tuyafiche hayo tunapomsifu.

Katika miaka ile ya Hali ya Hatari, visiwa vyetu navyo vilitumiwa kuwazuilia watu, huko Manda. Itote yeye alipelekwa Lokitaung, katika joto la Turkana, alikofungwa pamoja na Jomo Kenyatta. Mzee huyo alimfundisha Kiingereza. Lugha iliyomtenga na maofisa jeshini ndiyo aliyoipata gerezani, bila kujua kama angetoka.

Alifunguliwa Juni 1962, kisha akaenda Israeli kwa mafunzo ya uofisa. Tufikirie hali hiyo: mtu aliyewaamuru maelfu ya wapiganaji akirudi kupokea amri na kusahihishwa kama mwanagenzi. Aliporudi hakupewa jeshi aliongoze. Jeshi la nchi kavu liliendelea kuwa chini ya makamanda Waingereza hadi mwaka 1966. Mwaka 1964 Itote aliwekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, akawa mkurugenzi msaidizi, akalea vijana wasio na kazi mpaka alipostaafu mwaka 1984. Alifariki mwaka 1993.

Ninalolipata katika maisha hayo ni kwamba vikwazo ni vya aina mbili. Kuna ukuta uliojengwa na wengine, kama ule wa KAR, ambao bidii ya koplo mmoja isingeuvunja. Ilibidi utawala wenyewe uondoke. Na kuna pengo ambalo mtu anaweza kulijaza mwenyewe, kama Kiingereza alichojifunza Lokitaung. Kumwambia kijana avumilie bila kumsaidia kutofautisha hayo mawili ni kumbebesha lawama isiyo yake, au kumfichia kazi iliyo yake.

Kwa hiyo, waalimu wenzangu, kijana anaporudi kutoka uwanjani ameinamisha kichwa, tukae naye tuulize amekataliwa kwa nini. Ikiwa ni upendeleo, tumsaidie kulalamika panapostahili. Ikiwa ni somo, tulifungue pamoja naye jioni hiyo hiyo, hata kama amekwisha kuota ndevu. Itote alikuwa na watu wa kumwita jenerali, na bado alikubali kufundishwa.