John Newton: Mtu Huru Aliyefunga Wenzake

Sisi tunaohudhuria mkesha wa Ijumaa hapa chuoni tunaujua wimbo wa Amazing Grace hata tukiwa usingizini. Unaimbwa alfajiri inapokaribia, sauti zimekauka, mpiga kinanda amechoka, na bado watu wananyanyua mikono. Mwaka wa kwanza niliuimba mara nyingi bila kujiuliza nani aliutunga. Mwaka wa pili, kwenye semina ya historia, mwenzetu mmoja akasema mtunzi wake alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Nikambishia. Nilidhani anauchokoza ulokole wangu. Nikaenda maktaba kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha, na kwa kweli nilirudi nimenyamaza mimi. Mambo yalikuwa mabaya kuliko alivyosema. Yule bwana hakuwa nahodha wa watumwa halafu akaokoka akaacha. Aliokoka kwanza, halafu ndipo akawa nahodha.

Ndugu msomaji, neno "uhuru wa kiroho" tunalitamka kila wiki. Naomba nikusimulie maisha ya mtu huyu, maana yeye ndiye aliyenifanya niliogope kidogo neno hilo.

John Newton alizaliwa mwaka 1725 Wapping, London, kando ya mto Thames, mtaa wa mabaharia. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara katika bahari ya Mediterania. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu, na ndiye aliyemfundisha Maandiko na nyimbo tangu akiwa mdogo. Alifariki kwa kifua kikuu mtoto hajatimiza hata miaka 7. Alipofika miaka 11, baba akamchukua baharini.

Ujana wake ulikuwa wa fujo. Alisoma vitabu vya watu walioikataa imani, akakutana na rafiki wa kumchochea, akaitupa dini ya mama yake. Alijiona mtu huru: haulizwi na Mungu wala na mchungaji. Mwaka 1744, Jeshi la Majini la Uingereza, ambalo siku hizo lilikuwa linakamata vijana kwa nguvu, likamkamata na kumpeleka kwenye meli ya kivita, Harwich. Alitoroka, akashikwa, akavuliwa nguo na kuchapwa viboko mbele ya mabaharia wote, cheo chake kikaondolewa. Alikuwa na uchungu kiasi cha kufikiria kumuua nahodha wake na kujitupa baharini.

Baadaye akahamishiwa kwenye meli ya watumwa iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi, na huko akabaki akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa Mzungu kwenye visiwa vya Plantain, karibu na Sierra Leone. Huyo mfanyabiashara alikuwa anaishi na mwanamke wa pale mwenye nguvu na jina, na mwanamke huyo hakumpenda Newton. Alipougua homa alinyimwa chakula, hata maji ya kunywa ikawa taabu. Alikonda, akavaa matambara. Kitu kimoja tu kilimfariji: kitabu cha hesabu cha Euclid, ambacho alikuwa akikisoma huku akichora maumbo mchangani kwa kijiti.

Na wako watu waliomlisha. Watumwa waliokuwa wamefungwa minyororo, wenye chakula kidogo mno, walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao. Yeye mwenyewe aliandika habari hiyo baadaye. Nakuomba uikumbuke tunapoendelea.

Meli iitwayo Greyhound ndiyo iliyomtoa Afrika. Nahodha wake alikuwa ameombwa na baba yake Newton amtafute kijana. Mwezi Machi 1748, wakiwa katika Atlantiki ya kaskazini wanarudi Uingereza, dhoruba ikaipiga meli usiku. Maji yakaingia kwa kasi, mbao za ubavuni zikang'oka. Kilichowasaidia wasizame ni kwamba shehena yao ilikuwa na nta nyingi na mbao, vitu vyepesi kuliko maji. Newton alipampu maji mpaka nguvu zikamwisha, kisha akafungwa kamba kwenye usukani aongoze meli. Humo ndimo alipojikuta anamwomba rehema Mungu yule yule aliyekuwa akimdhihaki. Waliponea chupuchupu, wakafika pwani ya Ireland mwezi Aprili, chakula kimebaki cha kuhesabu. Tarehe ya dhoruba ile aliikumbuka kila mwaka kwa sala mpaka uzeeni.

Mkesha wetu ukisimulia habari zake, huwa unaishia hapo. Alikuwa amepotea, akaonekana. Amina, tukalale.

Mimi naomba tusilale bado. Mwaka huo huo wa 1748 Newton alirudi pwani ya Afrika Magharibi akiwa msaidizi wa nahodha kwenye meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary Catlett, msichana aliyempenda tangu ujana, na mwaka huo huo akapewa meli yake mwenyewe, Duke of Argyle. Kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu, akinunua watu Afrika na kuwauza ng'ambo ya Atlantiki. Siku ya Bwana aliwakusanya mabaharia wake kwa ibada. Alikataza matusi. Alijisomea Kilatini na Biblia chumbani mwake, alimwandikia mke wake barua za mapenzi. Na chini ya miguu yake, chini ya sitaha, wamelala binadamu waliofungwa pingu wawili wawili. Katika daftari lake la safari aliandika kwamba, alipogundua mpango wa watumwa kuasi, aliwabana vijana kwa skrubu za kubana vidole gumba ili waseme. Aliandika hivyo kama mimi ninavyoandika mahudhurio ya darasa.

Alikuwa anaomba kweli, siyo mnafiki kwa maana ya kuigiza, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Alikiri baadaye kwamba wakati ule kazi hiyo haikumsumbua dhamiri. Aliiona ni kazi ya heshima, ingawa alichoka kufanana na askari jela na alimwomba Mungu ampe kazi nyingine. Hata alipoacha, mwaka 1754, aliacha kwa sababu ya ugonjwa: alianguka ghafla kabla ya safari, na madaktari wakamshauri asiondoke. Akapata kazi ya serikali bandarini Liverpool, mji uliokuwa unatajirika kwa biashara hiyo hiyo.

Mwaka 1764 akawekwa wakfu kuwa mchungaji wa Kanisa la Uingereza, akapelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini wanaofuma lesi. Watu walimpenda. Alikaa na rafiki yake mshairi William Cowper, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa akili, wala hakumtupa. Kwa ibada ya mwaka mpya 1773 akaandaa wimbo ambao sasa dunia nzima inaujua. Unazungumza habari za neema na macho yaliyofunguka. Habari za watu wa chini ya sitaha hauzitaji. Na kitabu alichokitoa mwaka 1764 kueleza maisha yake kinamshukuru sana Mungu kwa kumwokoa yeye, bila kuilaani biashara yenyewe.

Mwaka 1780 alihamia London, kanisa la St Mary Woolnoth. Mwishoni mwa 1785 alitembelewa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameokoka na anafikiria kuacha siasa. Newton alimshauri abaki bungeni, Mungu amtumie hapo hapo. Wilberforce akabaki, na baada ya muda mfupi akawa sauti kubwa bungeni dhidi ya biashara ya watumwa.

Ndipo mwaka 1788 mzee Newton akatoa kijitabu chake kuhusu biashara ya watumwa kutoka Afrika. Hapo alisema yote: jinsi watu walivyobanwa kwa safu humo ndani, jinsi walivyokufa, jinsi wanawake walivyotendewa na mabaharia, jinsi kazi ile inavyoufanya moyo wa mtu kuwa jiwe. Alikiri kwamba yeye mwenyewe alishiriki, na kwamba kukiri kwake kumechelewa. Alitoa ushahidi pia mbele ya baraza la mfalme na baadaye mbele ya kamati ya bunge. Watetezi wa biashara hawakuweza kumwambia kwamba hajui anachosema. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo kwa Waingereza ilipitishwa mwezi Machi 1807. Newton, karibu kipofu kabisa, alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.

Hebu hesabu mwenyewe. Kutoka dhoruba ya 1748 mpaka kijitabu cha 1788 ni miaka 40.

Kuna wanaosema tusimhukumu, alikuwa mtu wa zama zake. Nimelifikiria sana hilo, sikubaliani nalo lote. John Wesley, mchungaji mwenzake, aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1774. Waquaker walikuwa wameshaanza kabla yake. Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa, akabatizwa, akajinunulia uhuru wake mwaka 1766, alichapisha maisha yake London mwaka 1789. Na zaidi ya wote, waliofungwa chini ya sitaha walikuwa nao ni watu wa zama zile zile, nao hawakuhitaji kijitabu kujua kwamba kinachofanyika ni uovu.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Mwaka jana nilikwenda fildi, mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari ya kijijini. Jumapili moja nikaombwa kuhubiri kanisani pale, nikahubiri Wagalatia sura ya 5, uhuru ndani ya Kristo. Watu wakafurahi, nikapewa kuku. Jumatano yake msimamizi kutoka chuo alikuwa anakuja kunikagua, na mimi nilitaka darasa lililotulia. Kidato cha pili wengi hawakufanya zoezi nililowapa. Nikachukua fimbo mwenyewe, wala sikumuuliza mkuu wa shule kama kanuni zinavyotaka, nikawachapa mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja alivimba mkono, kesho yake akawa anaandika kwa kuusaidia na mkono mwingine. Mimi nikaendelea na somo. Alama za ukaguzi zilikuwa nzuri.

Sikuumia dhamiri hata kidogo. Kila mwalimu pale alichapa, mimi mwenyewe nimesoma kwa kuchapwa, na jioni niliomba kama kawaida. Ni mpaka nilipomsoma Newton akibana vidole vya vijana wale kisha akienda kwenye sala zake, ndipo ule mkono uliovimba ukanirudia. Silinganishi fimbo yangu na meli ya watumwa. Kufanya hivyo ni kuwadharau waliokufa humo. Ninacholinganisha ni usingizi wenyewe: mtu amejiona huru mbele za Mungu, na hajauona mkono wake mwenyewe umeshika nini.

Sisi tunapoongelea uhuru wa kiroho huwa tunahesabu vilivyotuachia: pombe, uzinzi, nguvu za giza, hofu ya mtihani. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini Paulo kwenye sura ile ile niliyoihubiri hakuishia hapo. Anawageuza Wagalatia kutoka kwenye uhuru wao kwenda kwenye kutumikiana. Siku ile niliisoma mistari hiyo kwa sauti, nikairuka kwa moyo. Nadhani sasa kwamba mtu aliyefunguliwa anapaswa kuuliza kila mara: ni nani bado nimemfunga mimi? Akiacha kuuliza, neema aliyopewa inaweza kukaa miaka 40 bila kumfikia jirani.

Simdharau Newton. Kusimama mzee wa miaka zaidi ya 60, mchungaji mwenye jina, ukasema hadharani kwamba sifa zako zimejengwa juu ya aibu ile, si kazi ndogo. Wengi hufa hawajasema. Na kazi iliendelea baada yake mpaka kwetu: kutoka kikundi cha wachungaji alichosaidia kukianzisha London mwaka 1783 lilitokea shirika la umisheni la CMS mwaka 1799, lililomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1875 likaanzisha makazi ya Freretown kwa watu waliookolewa utumwani.

Wimbo bado ninauimba. Ila mwezi wa saba tunakwenda fildi tena, na nimeomba nipangiwe shule ile ile. Kijana yule sasa atakuwa kidato cha tatu. Nitamwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa sababu nilimchapa mbele ya wenzake. Sikutaka kusubiri mpaka 2060.