Bruce Lee, gwiji wa kung fu asiye na mkanda mweusi

Taja kung fu kwa vijana wa Lusahunga, jina la kwanza ni lile lile la kwenye vibanda vya video: Bruce Lee. Alizaliwa San Francisco, Marekani, 27 Novemba 1940, akakulia Hong Kong. Akiwa na miaka kama 13 alianza kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Mwaka 1959 akarudi Marekani hata mafunzo hajamaliza. Mkanda mweusi hakuwa nao. Wing Chun ya enzi hizo haikuwa na mambo ya mikanda. Huko akafungua shule zake, akafundisha hata wasio Wachina.

Pigo lilikuja 1970. Aliumia mgongo akinyanyua vyuma, madaktari wakamwambia asahau kupiga teke. Jamaa akalala miezi kadhaa, akijaza madaftari kwa maandishi ya mapigano, ambayo yalikuja kutoka kitabu 1975. Lakini 1971 tu, huyo hapo kwenye The Big Boss, mateke kama kawaida, huku mgongo bado unamsumbua.

Alifariki Hong Kong, 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Enter the Dragon ilikuwa bado haijaonyeshwa. Kaburi lake lipo Seattle.