Bibi Salme, kombe na mtoto anayeharisha

Mama, kama mtoto wako amesomewa au amenyweshwa kombe kabla ya kuja kituoni, usinifiche. Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Chwaka, na sisi kwetu tulipoumwa tulisomewa pia. Leo nakuelezea maisha ya Bibi Salme binti Said, aliyekulia katika tiba hizo.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeingia utumwani akiwa mtoto mdogo.

Tiba za jumbani utazitambua. Mgonjwa aliumikwa, alivishwa hirizi, na akidhaniwa ana pepo alipungwa. Kombe nalo lilikuwepo: aya za Qur'ani ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Daktari wa Kizungu alipoitwa kumtazama mwanamke, mgonjwa alifunikwa gubigubi, na daktari hakuweza kumpima vizuri.

Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini akirudi kutoka Omani. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kiliikumba Zanzibar. Asubuhi moja Salme aliamka akamkuta mama yake amelala miguuni pake, hoi kwa maumivu. Alikuwa ameugua tangu usiku, akaja ili afie karibu na mwanawe. Ugonjwa ule ulimuua, na Salme alibaki yatima akiwa na miaka kama 15.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, aliondoka Zanzibar kwa meli ya kivita ya Kiingereza hadi Aden. Huko walioana mwaka uliofuata. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Hamburg alizaa watatu wengine, kisha mwaka 1870 mumewe akafariki kwa ajali ya tramu. Aliwalea watoto peke yake ugenini. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na ndani yake alizieleza tiba za nyumbani kwao. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Kwa nini nakusimulia haya? Jilfidan hakukosa mapenzi wala watu wa kumuombea. Alichokosa ni tiba ya kurudisha maji mwilini, kwani kipindupindu huua kwa kumkausha mtu, pengine kwa saa chache tu. Kusomewa, mkono wa bibi kichwani, hata reiki, ile tiba ya kuwekewa mikono iliyotoka Japani, vinaweza kumtuliza mgonjwa. Lakini havirudishi maji yaliyopotea.

Kwa hiyo mtoto akiharisha, fanya hivi:

- Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi.
- Mpe ORS. Changanya kama pakiti inavyoelekeza, kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko.
- Uliza kituoni vidonge vya zinki.
- Mtoto chini ya miezi sita asinyweshwe kombe. Chakula chake ni maziwa yako tu, na maji yasiyo salama yanaweza kumzidishia kuharisha. Akitaka kusomewa, asomewe bila kunywa kitu.

Mlete haraka, hata kama ni usiku, ukiona macho yameingia ndani, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, choo kina damu, au choo kinatoka kama maji ya mchele.

Usingoje kisomo kiishe ndipo utafute gari. Mpakate mwanao, panda gari, umsomee njiani. Ukifika, niambie yote uliyompa, na mimi sitakugombeza.