Daktari Livingstone na Siku za Giza

Ukisimama Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaposhusha na boti za abiria zikipakia watu wa Gombe na Mwamgongo, basi unatazama maji yale yale aliyopita Daktari David Livingstone mwezi wa Novemba 1871. Alikuwa mtumbwini pamoja na Henry Stanley, wakienda kaskazini kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia.) Hapa kwetu watu humkumbuka kwa mwembe wa Ujiji na kwa salamu ile ambayo kila mtoto wa shule anaijua, kwa hiyo naiacha. Napenda kueleza habari nyingine: jinsi mtu huyu, ambaye moyo wake ulizama mara kwa mara, alivyoishi na hali hiyo.

Alizaliwa 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha pamba. Alikiweka kitabu wazi juu ya mashine, na kila apitapo alisoma sentensi moja, kisha anakwenda nayo kichwani mpaka arudi tena. Mashine zilivuma kutwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hapo ndipo alipojifunza kuitenga akili yake na makelele yote, hata baadaye akaweza kusoma na kuandika kwa raha katikati ya watoto wanaocheza au ngoma inayolia. Wala hakufundishwa na mtu. Alijifunza akiwa kazini.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mtulivu daima. Katika safari ya Zambezi, 1858 hadi 1864, Wazungu wenzake waliteseka naye. Zilikuja siku ambazo hakusema na mtu, tena aligombana na karibu kila mmoja. Mkewe Mary alifariki Shupanga, 27 Aprili 1862, na mwana wao Robert akafa mwaka 1864 katika vita vya Marekani. Mwaka 1978 daktari mmoja, Oliver Ransford, aliandika kitabu akidai kwamba Livingstone alikuwa na ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka: leo ana nguvu za watu watatu, kesho yumo gizani. Mimi naona ni vigumu kumpima mtu aliyekwisha kufa. Hata hivyo, asomaye habari zake atakiri kwamba giza lilikuwapo.

Januari 1867 mchukuzi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa. Tangu siku hiyo homa ilimpiga bila kinga. Alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869 akiwa amebebwa, mapafu yameugua, na aliyemwuguza njiani ni mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad Bogharib. Mwezi wa Julai alivuka ziwa kwenda nchi ya Wamanyema.

Huko, mahali paitwapo Bambarre, vidonda vya miguu vilimweka chini. Tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 alikwama hapo, kwanza kwa vidonda, kisha kwa kungoja watu na mali kutoka pwani. Waliobaki naye ni watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Barua hazikufika. Ebu fikiri, ndugu msomaji: mtu mwenye haraka kuliko wote, anayetaka kujua chemchemi za Naili kabla hajafa, anaambiwa na miguu yake akae kitako.

Alifanya nini? Alisaga jiwe la kijani liitwalo malakaiti, akapaka unga wake vidondani kwa unyoya, na ukamsaidia. Alisoma Biblia. Katika muda wake wa Manyema aliimaliza yote mara nne, tangu Mwanzo hata Ufunuo, na kusoma namna hiyo ni kukaa na neno kama mtu anavyokaa na mgeni. Na tena aliandika. Karatasi zilipokwisha alichukua magazeti ya zamani, akaandika kwa kukatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mmea. Aliandika mvua, desturi za watu, hata habari za sokwe. Mapema mwaka 1871 alipewa sokwe jike mdogo, naye akaona jinsi alivyonyosha mkono ili abebwe, na kulia asipobebwa, kama mtoto aliyedekezwa. Mtu aliye gizani huona ugumu kutazama kitu cha nje yake. Yeye alitazama.

Huko Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, alipenda kukaa sokoni. Akina mama walikuja na samaki, chumvi, vyungu na kuku, wakibishana bei na kucheka, kama Kibirizi tu. Alikwenda kila siku ya soko bila kununua kitu cha maana, akakaa na kuangalia.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa walilipiga risasi soko lile. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Kichwa kilimwuma vibaya, akashindwa kukaa mahali pale. Maandishi yake ya siku hizo yalififia hata hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliyapiga picha kwa mianga maalumu wakayasoma, na yalionekana makali na yenye kuvurugika kuliko yale yaliyochapwa kitabuni baada ya kifo chake. Hapo kutafakari hakukumtuliza. Alikimbia tu.

Alirudi Ujiji Oktoba 1871, amebaki mifupa, akakuta mali yake yote imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Sayyid bin Majid alijitolea kuuza pembe ili amsaidie, naye akamwomba angoje kwanza. Siku chache baadaye Stanley akafika. Na hapa pana jambo ambalo wahubiri hulisahau: Livingstone aliandika kwamba kabla ya hapo alikula mara mbili kwa siku bila ladha, na sasa akala mara nne, na kwa juma moja nguvu zikaanza kurudi. Zilimrudisha barua za nyumbani, chakula na mtu wa kuzungumza naye. Biblia alikuwa nayo siku zote.

Stanley alimsihi warudi Uingereza, akakataa. Walifika Unyanyembe Februari 1872, wakaagana Machi, na Agosti akaondoka tena kwenda kusini, kwenye madimbwi ya Bangweulu. Kule damu ilimtoka tumboni, akabebwa hata kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo.

Kabla ya mapambazuko ya 1 Mei 1873 kijana Majwara, aliyelala mlangoni, alimwita Susi. Wakaingia na wenzao. Mshumaa ulikuwa unawaka, na bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, uso mikononi. Walisita wakidhani anaomba, wakangoja kidogo. Kisha mmoja akasogea akamgusa shavu, likawa baridi.