Louis Armstrong, mfalme wa tarumbeta aliyeanza kama msikilizaji wa mlangoni

Tarehe 28 Oktoba 1960, miezi minne tu baada ya uhuru, wakaaji wa Léopoldville, leo Kinshasa, walimpokea kwa ngoma na densi Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 59. Walimkalisha juu ya kiti, wakambeba mabegani kama wakubwa wa zamani walivyobebwa katika kipoyi, wakampitisha katikati ya umati. Mgeni huyo aliitwa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyejulikana dunia nzima.

Wengi wanamkumbuka kwa tabasamu lake pana, kitambaa cheupe mkononi na sauti nzito yenye kukwaruza. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kuwa nyota wa jazz alikuwa shabiki wake, mtoto maskini aliyesimama nje ya baa ili asikie muziki ambao hakuwa na ruhusa ya kuingia kuutazama. Ushabiki huo haukumtoka hadi kifo.

Mtoto wa New Orleans

Armstrong alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani. Yeye mwenyewe alisema siku zote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, lakini kitabu cha ubatizo kilichopatikana baada ya kifo chake kilionyesha tarehe 4 Agosti 1901. Baba yake aliiacha familia mapema. Nyanya yake, Josephine, alimlea miaka ya kwanza, kisha akarudi kwa mama yake, Mayann, katika mtaa wa watu maskini ambako ugomvi na polisi vilikuwa jambo la kila siku.

Umaskini haukuzuia muziki. Katika mji huo bendi za tarumbeta zilipita barabarani kwenye sherehe, kwenye kampeni za uchaguzi, hata kwenye mazishi. Wakienda makaburini walipiga polepole kwa huzuni, na wakirudi walipiga kwa furaha huku watu wakicheza nyuma yao. Watoto waliofuata bendi hizo hawakulipa kitu, na Louis alikuwa mmoja wao. Pamoja na rafiki zake aliimba pembeni ya barabara ili wapita njia wawatupie sarafu.

Alifanya pia kazi kwa familia ya Karnofsky, Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Lithuania. Alipanda mkokoteni wao wa kukusanya chupa na nguo kuukuu, akapuliza baragumu ndogo ya bati kuwaita wateja. Siku moja aliona katika duka la rehani korneti, ndugu mdogo wa tarumbeta, ikiuzwa dola 5. Familia hiyo ilimkopesha pesa za kuanzia, naye akamaliza deni kidogo kidogo kwa mshahara wake.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1912, alipokuwa na miaka 11, alifyatua bastola hewani kusherehekea mwaka mpya. Polisi walimkamata, na hakimu akampeleka katika nyumba ya kurekebishia tabia za watoto weusi. Huko mwalimu wa muziki Peter Davis hakumwamini mara moja, lakini baadaye alimkabidhi korneti na kumfanya kiongozi wa bendi ya watoto. Alipotoka mwaka 1914 tayari alijua kupiga. Sasa alihitaji mtu wa kumsikiliza.

Makaa ya mawe na Papa Joe

Mtu huyo alikuwa Joe Oliver, mpiga korneti aliyeitwa King, yaani mfalme, kwa sababu hakuna aliyemshinda mjini. Oliver alipiga katika Storyville, mtaa wa baa na ukahaba ambako mtoto kama Louis angefukuzwa na polisi. Lakini Louis alipata njia: alifanya kazi ya kupeleka makaa ya mawe katika nyumba za wanawake wa mtaa huo. Akishamwaga makaa, alibaki amesimama akiisikiliza korneti ya Oliver kutoka baa ya jirani, hadi mwenye nyumba alipomuuliza anangoja nini, akamfukuza.

Baadaye alimsogelea mwenyewe. Alimfanyia Stella, mke wa Oliver, kazi ndogo ndogo za nyumbani na kutumwa sokoni, na malipo yake yalikuwa masomo ya korneti na sahani ya wali na maharagi. Oliver alimpa pia korneti yake ya zamani. Louis alimwita Papa Joe, na neno hilo halikuwa la adabu tu, kwa sababu baba yake mzazi hakuwepo.

Kipindi hicho hicho alinunua gramofoni yake ya kwanza, ile ya kuzungusha kwa mkono. Sahani alizonunua zinashangaza: pamoja na jazz, aliwasikiliza waimbaji wa opera wa Kiitalia kama Enrico Caruso na Luisa Tetrazzini. Kijana wa kubeba makaa alikaa katika chumba chake akisikia jinsi sauti moja inavyoweza kupanda juu kabisa na kushuka tena bila kukatika. Jambo hilo litaonekana miaka kumi baadaye.

Oliver alipohamia Chicago, Louis alichukua nafasi yake katika bendi ya Kid Ory. Kisha, tangu mwaka 1919, alipiga katika meli za mto Mississippi chini ya Fate Marable, ambako alizidi kujifunza kusoma muziki ulioandikwa.

Simu kutoka Chicago

Mwezi Agosti 1922 Oliver alimpigia simu ya maandishi: aje Chicago ajiunge na bendi yake. Louis alipanda treni, na mama yake akamfungia chakula cha njiani. Alipofika kwenye mlango wa ukumbi wa Lincoln Gardens alisimama nje. Muziki aliousikia ulikuwa mzuri kiasi kwamba aliogopa kuingia, akijiuliza kama kweli anastahili kukaa katika bendi hiyo. Ilibidi wenyewe watoke kumwingiza.

Kilichofuata kiliwavuta hata wanamuziki wengine wa Chicago waje kutazama. Oliver na Armstrong walipiga vipande vifupi vya korneti mbili kwa pamoja, papo hapo, bila karatasi, vikilingana kama vimeandikwa. Siri ilikuwa sikio la Armstrong: katikati ya wimbo Oliver alimdokezea kile atakachopiga, naye akatunga sauti ya pili kabla zamu haijafika.

Mwezi Aprili 1923 bendi hiyo ilirekodi kwa mara ya kwanza, huko Richmond, Indiana. Wakati huo hapakuwa na mikrofoni. Wote walipiga wakielekea pembe moja kubwa. Inasimuliwa kwamba Armstrong aliwekwa mbali na wenzake, maana sauti yake ilimfunika mwalimu wake. Mpiga piano Lil Hardin, aliyeolewa na Louis mwaka 1924, alitambua maana ya jambo hilo. Alimshauri asibaki korneti ya pili maisha yote. Louis hakupenda kumwacha Papa Joe, lakini aliondoka, akaenda New York katika bendi ya Fletcher Henderson.

Kati ya 1925 na 1928, akiwa na vikundi vyake Hot Five na Hot Seven, alirekodi sahani zilizobadilisha jazz. Kabla yake wapigaji walisikika zaidi kwa pamoja. Yeye alionyesha kwamba mtu mmoja anaweza kusimama mbele na kusimulia kisa kizima kwa tarumbeta, bila kurudia yaliyozoeleka.

Mfano mkubwa ni West End Blues, iliyorekodiwa tarehe 28 Juni 1928. Inaanza kwa tarumbeta peke yake, ikipanda na kushuka bila ngoma wala piano, kwa sekunde chache ambazo wanafunzi wa tarumbeta wanajifunza hadi leo. Ndani yake zinasikika zile sahani za opera. Na mtunzi wa wimbo huo alikuwa Joe Oliver.

Mwalimu sokoni

Armstrong alipopanda, Oliver alishuka. Ugonjwa wa fizi na meno ulimnyima nguvu ya kupuliza, pesa zikaisha, bendi yake ikavunjika. Mwaka 1937 Armstrong alifika Savannah, Georgia, kupiga muziki, akamkuta Papa Joe barabarani akiuza mboga.

Armstrong alimpa pesa alizokuwa nazo mfukoni, na wanamuziki wengine waliotoka New Orleans wakaongeza zao. Jioni Oliver alikuja kwenye tamasha akiwa amevaa vizuri, akasimama pembeni ya jukwaa akimsikiliza mtoto aliyekuwa akimsikiliza yeye zamani. Alifariki mwezi Aprili 1938. Hadi mwisho wa maisha yake Armstrong hakuacha kumtaja kuwa ndiye aliyemfungulia njia.

Afrika, na Kongo ya mwaka 1960

Mwezi Mei 1956 Armstrong aligusa Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Accra. Umati mkubwa ulimpokea, na kati ya waliocheza mbele yake alimwona mwanamke aliyefanana sana na mama yake aliyekwisha kufa. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mababu zake walitoka upande huo.

Mwaka uliofuata, wanafunzi 9 weusi walipozuiwa kuingia shule ya Little Rock, Arkansas, alimshutumu hadharani rais Eisenhower na kukataa safari ya Umoja wa Kisovyeti aliyoandaliwa na serikali. Wengi waliomdhani mtu wa kuchekesha wazungu tu walishangaa.

Mwaka 1960 alikubali safari ndefu ya Afrika, iliyogharamiwa na serikali ya Marekani pamoja na kampuni ya Pepsi-Cola. Ndiyo iliyomleta Kongo. Alikuta nchi ambayo neno jazz halikuwa geni: African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwepo tangu 1953, na OK Jazz tangu 1956. Zilipiga rumba, lakini zilichukua jina la muziki wa watu weusi wa ng'ambo ambao vijana wa mjini waliuheshimu.

Nyuma ya sherehe hali ilikuwa mbaya. Siku alipobebwa mabegani, Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa ndani ya makao yake katika jiji lilo hilo, baada ya Mobutu kuchukua madaraka mwezi Septemba. Mwezi Novemba Armstrong alifika Elisabethville, leo Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga ambayo Moïse Tshombe aliitangaza huru tarehe 11 Julai. Marekani haikuitambua Katanga kama nchi, lakini mpiga tarumbeta angeweza kupokelewa pale ambapo waziri asingeweza kwenda. Watafiti wa historia wameandika kwamba maofisa wa ujasusi wa Marekani walitumia ziara hiyo kuwakaribia wakubwa wa Katanga, bila mwanamuziki mwenyewe kujua. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na mji huo.

Waliokuja kumsikiliza Armstrong walikuja kwa ajili ya muziki, na muziki waliupata. Kwamba wengine walikuwa na hesabu zao nyuma ya jukwaa hakuwanyang'anyi wasikilizaji hao furaha yao, lakini ni sehemu ya historia ya ziara hiyo.

Kanda za Corona

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 62, wimbo wake Hello, Dolly! ulishika nafasi ya kwanza Marekani, ukiwaondoa Beatles waliokuwa kileleni. Angeweza kununua jumba kubwa popote, lakini alibaki katika nyumba ya kawaida huko Corona, mtaa wa Queens mjini New York, ambayo mke wake wa nne, Lucille, aliinunua mwaka 1943. Watoto wa jirani walizoea kukaa naye kwenye ngazi za mlangoni.

Ndani ya nyumba hiyo ndimo shabiki alimoishi. Tangu mwisho wa 1950 alikuwa na mashine ya kurekodia kanda, na alisafiri nayo. Alihamishia kwenye kanda sahani zake: za kwake, za Oliver, za opera, za bendi ambazo wapenzi wengine wa jazz walizidharau. Aliandika kwa mkono orodha ya kila kanda na kupamba maboksi kwa picha alizokata magazetini. Ziko zaidi ya 650. Moyo ulipomwangusha na madaktari kumkataza kupiga tarumbeta, alikaa katika chumba chake cha kazi akisikiliza na kupanga kanda zake.

Alifariki usingizini katika nyumba hiyo tarehe 6 Julai 1971. Leo ni jumba la makumbusho, na kanda zake zimehifadhiwa.

New Orleans nayo ilimpa bustani yenye jina lake. Ndani ya bustani hiyo kuna uwanja wa zamani ambako, katika karne ya 19, watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku ya Jumapili, kupiga ngoma na kucheza. Kati yao walikuwemo watu waliotolewa katika nchi za mto Kongo. Uwanja huo unaitwa Congo Square, na wengi wanauhesabu kati ya chemchemi za jazz.