Livingstone: Tabibu aliyeacha jina kwenye vidonge

DAKTARI David Livingstone anakumbukwa zaidi kwa safari zake na kwa kupinga biashara ya utumwa. Baada ya kifo chake, hata hivyo, jina lake liliuza pia vidonge vya homa, uchovu na tumbo lililofunga.

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na baadaye akasomea udaktari mjini Glasgow. Alifuzu mwaka 1840 na kuja Afrika akiwa mmisionari.

Wakati huo sababu ya malaria haikujulikana. Wengi walilaumu hewa chafu ya mabwawa. Livingstone aliona kuwa homa huja pamoja na mwili kulegea na tumbo kufunga. Kwa hiyo alichanganya kwinini, kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, na mizizi miwili ya kuendesha tumbo. Tumbo likishafunguka, mgonjwa aliendelea na kwinini hadi masikio yavume. Wenzake wa msafara wa Zambezi waliviita vidonge hivyo Rousers, yaani viamshaji.

Wengi walipona, lakini si wote. Aprili 27, 1862 mkewe, Mary, alifariki dunia kwa homa huko Shupanga, Msumbiji, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Pigo jingine lilimpata Januari 1867 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, pale mpagazi alipotoroka na kasha la dawa. Tangu hapo afya yake ilizidi kudhoofika. Alipokutana na Henry Morton Stanley mjini Ujiji mwaka 1871, alikuwa amekonda na kuugua tumbo kwa muda mrefu.

Alifariki dunia mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, akivuja damu tumboni. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, na Aprili 18, 1874 akazikwa Westminster Abbey, London.

Kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyoanzishwa London mwaka 1880, ilitengeneza vidonge hivyo na kuviuza kwa jina lake. Makasha ya dawa ya kampuni hiyo ndiyo aliyobeba Stanley katika msafara uliopita Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 1889.

Leo inajulikana kuwa nguvu ya vidonge hivyo dhidi ya malaria ilitoka kwenye kwinini pekee. Zebaki ni sumu, na kumharisha mgonjwa wa homa humpotezea maji anayoyahitaji. Wanunuzi walivutwa na jina la shujaa, lakini aliyewatibu alikuwa kwinini.