Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kuuliza Dalili

Mwaka 1908 uliingia Lindi na miji mingine ya pwani ya kusini waraka uliosemekana umetoka Makka. Mwenye waraka, aliyejiita Sheikh Ahmad, alidai kuwa amemuota Mtume (s.a.w.), akaonya kwamba Kiyama ki karibu, akataka unakiliwe na kupelekwa mbele. Walioununakili hawakuwa wajinga wa kusoma. Waliuamini kwa kuwa ulibeba jina la Makka na jina la Mtume. Na mbele ya majina hayo, ni nani aliyekuwa na moyo wa kuuliza ni nani aliyeuleta?

Mwaka huo Al-Amin bin Ali wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 17. Baba yake alikufa mwaka 1894, naye akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Baadaye alisoma sana jarida la Al-Manar la Rashid Rida, lililotoka Misri.

Sheikh aliona kwamba watu hupewa hukumu wala hawapewi dalili. Aliyezoea kukubali neno kwa ajili ya kilemba cha msemaji atamjuaje mwongo siku mwongo atakapovaa kilemba? (Leo waraka wa namna ile haungoji jahazi. Kwetu Masinga, mbali na bahari, huingia katika simu kabla ya adhuhuri, na sharti lake ni lile lile: wapelekee wengine.) Basi mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwaandikia watu kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiarabu naye aione hoja na kuipima. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno ila kwa kumjua mpokezi wake. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza habari ya fasiki.

Alipokanusha kuomba haja makaburini na israfu za matanga, wako wanazuoni waliompinga. Hilo halikumzuia. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho hakikumwachisha kalamu.

Alikufa mwaka 1947, rahimahullah, tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili haijatimia. Tafsiri nzima ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja ilitoka mwaka 1969.